Bwana Harusi wa Mlima Dajo

Nikaha ilikuwa imekwisha kufungwa. Ilibaki siku ya Badawi kuingia nyumbani tu. Swafiya binti Muhdhar alikuwa mke wa mtu kwa sheria, na kwa mengine yote alikuwa mwanamwali bado: amewekwa ndani katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, ananukia udi mpaka visiginoni, hina ya miguu haijakauka vizuri, na moyo wake wenda mbio kuliko siku zenyewe.

Nani angemlaumu? Alimsubiri Badawi miaka saba. Alipokuja mara ya kwanza kuposa, kijana wa mtaa wa Langoni mwenye kanzu moja ya maana, mzaliwa wa Pate, fundi wa kamba na matanga kama babake, Bwana Muhdhar hakumtazama hata usoni. Aliwaambia wazee waliomleta, "Mwambieni ajitafutie mwanamke wa kumsaidia kusuka kamba. Wangu hakuzaliwa kwa kazi hiyo." Mtu wa nyumba za mawe na mashamba ya Kililana alikuwa na haki ya kusema hivyo, na mji ulicheka pamoja naye.

Swafiya hakucheka. Alilia mpaka mamake, Bi Nana, akahofia macho yake. Siku Badawi alipoondoka kuelekea Bombei, alipita chini ya dirisha bila kuinua kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta, "Usiolewe." Neno lile moja Swafiya alilila na kulinywa miaka saba. Akakataa posa ya mtu wa Siu. Akakataa ya binamu yake. Baba akamfokea, akamnunia, mwisho akachoka.

Halafu, mwaka huo wa elfu moja mia tisa na saba, Badawi akarudi.

Alirudi mtu mwingine kabisa. Mabega yamejaa, sauti imeshuka, shavu la kushoto lina kovu jembamba, na mgongoni ana koti la rangi ya majani makavu lenye vifungo vya shaba. Kutoka Bombei alikuwa amefika Singapuri, kutoka Singapuri akafika Manila, na huko akaandikwa kazi na jeshi la Wamarekani. Watu wa Lamu walimjua Mmarekani kwa kitambaa chake tu, ile marekani ya kushonea kanzu na kuvikia maiti. Sasa amewajia mtu aliyekula na askari wake! Baraza zikamgombea. Aliwasimulia vita vya kule Amerika vya ndugu kwa ndugu, watu wa kaskazini na watu wa kusini, walivyouana shambani mpaka mahindi yakalala. Aliwasimulia sajini mmoja mweusi waliyekuwa marafiki Manila, ambaye babu yake alitoroka utumwani akapewa bunduki akarudi kupigana na bwana wake, na yeye mwenyewe sajini alipanda mlima huko Kuba chini ya risasi za Waspania. Wazee waliokuwa hawasikilizi mtu walikaa vinywa wazi.

Bwana Muhdhar naye akaanza kumwita barazani kwake. Akamkalisha kwenye mkeka wake mwenyewe. Na siku moja, bila mtu kumwomba, akasema, "Badawi, ile posa yako ya zamani, waifikiria bado?"

Ndivyo ilivyofungwa nikaha. Usiulize furaha ya Swafiya ilikuwa na kimo gani. Jioni zote alikaa kwenye dirisha la juu, nyuma ya mbao, akisikiliza sauti ya mumewe ikipanda kutoka barazani. Alizijua hadithi zote kwa moyo. Aliyoipenda zaidi ni ile ya mizinga: Wamarekani walikuwa wamewazingira wanyang'anyi juu ya mlima mkali, wakashindwa kuipandisha mizinga. Kapteni wao, mmoja akiitwa Halowei, akapiga kelele, "Nani hapa ajua kamba?" Wakatazamana. "Nikasema, mimi," Badawi alisema, na baraza lote likaangua kicheko cha fahari. "Nikafunga roda juu ya miti, nikapitisha kamba, na mizinga ikapanda kama ndoo ya kisimani. Mlima wenyewe waitwa Dajo."

Fundi kamba, mkwe wa Muhdhar! Swafiya aliuma ncha ya leso yake asicheke kwa sauti.

Jumatano kabla ya harusi alifika mjomba wake, Haji Abdulghafur, ametoka Makka. Ni kaka wa Bi Nana, mtu mpole, mnene, anayelia upesi. Alikuja moja kwa moja chumbani kwa mpwa wake na maji ya zamzam, akamnywesha kwa mkono wake, akamwombea. Kisha wakakaa wanawake kumzunguka, naye akasimulia ya safari: joto, umati, watu wa kila rangi.

"Lakini kuna mtu mmoja," alisema, "huyo hanitoki. Tulipanga nyumba moja na Wajawi, wale wa visiwa vya mashariki. Katikati yao palikuwa na mtu wa kisiwa kiitwacho Jolo. Kila tukimaliza kusali yeye habanduki kwenye msala. Ameinama tu. Nikamuuliza, ndugu yangu, waomba nini hata huchoki? Akaniambia, nina wengi wa kuwaombea, Bwana, na majina yao nimeanza kuyasahau."

"Maskini. Walikufa na tauni?" Bi Nana aliuliza.

"Tauni! Afadhali ingekuwa tauni. Waliuawa. Jolo nzima ni Waislamu, Nana, wanasali kama sisi, wanafunga kama sisi. Waligombana na Wamarekani, wakakimbilia juu ya mlima, waume, wake, watoto, wakajenga vibanda ndani ya shimo kubwa lililo kileleni. Walidhani huko hawafikiwi. Mlima ule, aliniambia, mbuzi hupanda kwa kupiga magoti. Basi wakaamka asubuhi, mizinga iko ukingoni juu yao, yawatazama. Imepandaje? Mpaka leo hawajui. Ikawapigia mle mle shimoni." Haji Abdulghafur alijifuta macho kwa kilemba. "Mamia, Nana. Yule mtu alikuwa na dada watatu mle. Mmoja ananyonyesha."

Wanawake wakasema innalillahi. Swafiya akasogea karibu na mjomba wake. 

"Mjomba," aliuliza, "mlima huo una jina?"

"Una jina, lakini ulimi wangu... Dahu. Dajo. Naam, Dajo. Kwani vipi, mwanangu?"

"Hapana kitu," Swafiya alisema. "Nimeuliza tu."

Mjomba hakujua. Alikuwa safarini wakati hadithi za Badawi zikisimuliwa, na hakuna aliyewaza kumrudia mtu aliyetoka Makka habari za wanyang'anyi wa mlimani. Bi Nana naye hakuwa msikilizaji wa baraza. Katika chumba kile alijua Swafiya peke yake.

Usiku huo hakulala, na asubuhi alimwambia Bi Barka, somo wake, mwanamke mzee aliyekabidhiwa kumfunda, "Nataka kumwona mume wangu."

Bi Barka alicheka mpaka tambuu ikamtoka. "Siku mbili zakushinda, mwanangu? Yeo Alhamisi, kesho Ijumaa ataingia. Utamwona mpaka umchoke."

"Nataka kumwona yeo, Bi Barka. La sivyo kesho hatanikuta."

Mzee alimtazama vizuri, na kicheko kikafa. Alikuwa amefunda wanawali wengi. Alijua sauti ya haya na sauti ya hofu, na hii haikuwa mojawapo.

Badawi aliletwa kabla ya adhuhuri kwa mlango wa nyuma. Bi Barka akakaa nje ya pazia, umbali wa kikohozi kusikika. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kuwa chumba kimoja. Badawi alisimama mlangoni, koti lake mkononi, akamtazama kama mtu aliyefika mahali akasahau alichotaka kusema.

"Swafiya," alisema mwishowe. "Ni wewe kweli?"

Mungu wangu, sauti ile! Karibu amwangukie. Karibu aseme, hapana kitu, nilikutamani tu, nenda. Laiti angesema hivyo, maisha ya watu wawili yangekuwa mengine. Lakini tangu jana alikuwa amebeba kifuani mwake macho ya yule mwanamke wa Jolo anayenyonyesha, na hayakumpa nafasi.

"Kaa, Bwana," alisema. "Nina swali moja. Wale wanyang'anyi wa mlima Dajo. Walikuwa kina nani?"

Badawi alikuwa ameanza kukaa. Akabaki nusu, mkono juu ya kiti.

"Ni nani aliyekwambia?"

Basi Swafiya akajua. Alitaka Badawi aseme, wanyang'anyi gani, au acheke, au akasirike. Mtu asiye na kitu haulizi aliyesema ni nani.

"Mjomba alilala nyumba moja na mtu wa Jolo huko Makka. Dada zake walikuwa mle shimoni."

Badawi akakaa. Alikaa chini, sakafuni, si kwenye kiti. Alikunja koti, akalikunjua, akalikunja tena.

"Niliambiwa ni wezi," alisema. "Kapteni alituambia ni wezi na wauaji wanaowasumbua hata wenzao. Sikujua kama mle mna wanawake. Giza lilikuwa limeingia, sisi tuko chini, wao wako juu. Mimi nilikuwa mtu wa kamba, Swafiya. Sikushika bunduki. Tangu nizaliwe sijamlenga mtu."

"Na kulipokucha?"

Badawi alivuta kifungo kimoja cha koti.

"Kulipokucha, Badawi. Ulikuwa huko juu na kamba zako. Hukusikia kitu?"

"Nilisikia adhana."

Alisema polepole sana, hata Bi Barka nje ya pazia aliacha kutafuna.

"Alfajiri," Badawi aliendelea. "Mzinga wa kwanza tumeshaupandisha. Nimekaa nimeegemea mti, mikono yachuruzika damu kwa kamba. Mara nikasikia, Allahu akbar, Allahu akbar, yatoka mle chini shimoni. Sauti ya mtu mzima, mzee. Halafu mtoto akalia, mmoja, wakafuata wengine, kama nyumba yoyote inavyoamka. Nilidhani naota. Nilidhani niko Langoni."

"Ukafanya nini?"

"Swafiya..."

"Nakuuliza, ukafanya nini?"

"Mzinga wa pili ulikuwa bado uko chini," Badawi alisema. "Nikaupandisha."

 Mtaani mtu alipita akiuza halwa, akataja ya moto, ya moto, akapotea.

"Walikushikia bunduki?" Swafiya aliuliza. Alikuwa anamtafutia njia; hata mwenyewe alijua anamtafutia. "Ungekataa wangekuua?"

Angeweza kusema ndiyo. Pale hapana aliyekuwapo mlima Dajo ila yeye. Lakini alitikisa kichwa.

"Hakuna aliyenishikia kitu. Kapteni aliniahidi mizinga ikifika juu atanipa ruhusa ya kurudi kwetu. Mkataba wangu ulikuwa na miaka miwili mbele, wanielewa? Miaka miwili! Na mtu mmoja alikuwa ameniambia Manila, baharia wa Kihindi aliyepita Lamu, kwamba binti Muhdhar anaposwa. Nikasema moyoni, nikikataa, nitabaki hapa nipotee. Nikivuta kamba hii, naenda kumwoa Swafiya. Nilikuwaza wewe. Wallahi, wakati wote ule navuta, nilikuwaza wewe tu."

"Usinitie mimi kwenye mlima huo!"

Alipiga kelele, na Bi Barka akaingiza kichwa. Swafiya akamtoa kwa mkono. Alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka na hayafuti.

"Mimi nilikaa dirishani miaka saba nikikuombea urudi. Kila sala. Sasa waniambia urejeo wako niliouomba ulikuwa huo? Niliowaua kwa dua zangu ni wale?"

"Hukumwua mtu. Niliua mimi. Nimekubali, niliua mimi." Alilipiga koti kwa kiganja. "Nilipewa hili koti na wenye jeshi, na tangu siku ile silali mpaka adhana ya alfajiri ipite. Wataka nini, Swafiya? Nikufanyie nini? Sema tu."

"Uliwadanganya watu. Umekaa kwenye mkeka wa baba yangu ukawaita wanyang'anyi, watu wakacheka. Mimi pia nilicheka."

"Ningesema vipi? Lamu hii? Ningebaki na mahali pa kusali?"

Swafiya alijifuta uso kwa leso. Alimtazama mumewe pale sakafuni, mabega yale makubwa yameinama, kovu limekuwa jeupe, na kilichomtisha zaidi ya yote ni kwamba alikuwa bado anampenda. Mapenzi hayakupungua hata chembe. Alikuwa anampenda na hawezi kulala kitandani pake.

"Kesho Ijumaa," alisema. "Baada ya sala baba atakusanya watu barazani kabla ya kukuleta kwangu. Waambie. Yote, na ile adhana, na mzinga wa pili. Usijibakishie kitu. Na yeyote atakayekuuliza lolote mjibu kweli tupu. Ukifanya hivyo, Badawi, wakitufukuza tutafukuzwa wote wawili. Tutakwenda Kipungani, kule ncha ya kisiwa, tukasuke makuti. Sitakuuliza tena maisha yangu yote."

"Na nisipoweza?"

"Basi usipande ngazi hizi."

Badawi aliinuka. Alimkaribia mpaka Swafiya akasikia pumzi yake, akanyoosha mkono kana kwamba atamshika shavu, kisha akaurudisha.

"Utakuwa wangu?" aliuliza. "Hata wakinitema mji mzima?"

"Nitakuwa wako."

Alitoka. Koti la vifungo vya shaba alilisahau sakafuni, na Bi Barka akalisukuma uvunguni kwa mguu, hataki kuligusa kwa mkono.

Ijumaa nyumba ilijaa tangu asubuhi. Wanawake walipika, wakagombana, wakaimba; yasmini ikaletwa kwa sinia. Swafiya alipambwa, akavishwa, akakalishwa. Alipoulizwa kwa nini hacheki, Bi Barka alijibu kwa niaba yake kuwa mwali mwenye adabu hacheki. Bi Barka alikuwa amesikia yote jana na hakumwambia mtu. Mara moja tu aliinama sikioni. "Mwanangu, ndia yako hii ni ngumu. Ungemwacha anyamaze. Waume wote wana la kunyamazia."

"Nimeshamwambia," Swafiya alisema.

Sala ilikwisha. Wanaume wakasikika wakirudi, mazungumzo, kicheko, vikombe vya kahawa. Kisha sauti moja ikaanza kusema peke yake. Swafiya aliijua. Maneno hayakufika chumba cha nyuma, ila sauti tu, yenda, yasimama, yenda. Vicheko vikaisha. Vikombe vikaisha. Sauti ikaendelea muda ambao Swafiya aliuona mrefu kuliko ile miaka yote, halafu ikanyamaza. Mtu akalia kwa sauti, na alikuwa mjomba Abdulghafur.

Baada ya hapo ni kelele. Watu wanasimama, watu wanashikana. "Mtoeni!" mtu alisema. "Mwacheni amalize!" mwingine akasema. Kisha Bwana Muhdhar akanguruma, wakatulia wote. Maneno machache. Kimya. Maneno machache tena.

Swafiya alikuwa tayari amevua vikuku vya dhahabu. Aliviweka juu ya mto, akamwambia Bi Barka amletee leso za kawaida. Moyoni alikuwa anahesabu atakachobeba kwenda Kipungani. Alikuwa na hofu, na chini ya hofu alikuwa na furaha ambayo hata mwenyewe aliionea haya. Amesema! Alikuwa ameweza!

Baba yake ndiye aliyeingia. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Haya," alisema. "Vueni mapambo. Umeachwa."

"Baba?"

"Talaka tatu, mbele ya watu. Ulinililia miaka saba nikupe mtu yule. Nilijishusha nikakupa. Ona sasa alichotufanyia." Akamgeukia mkewe. "Watu wa chakula wapewe chakula, waende. Sitaki mtu hapa."

Swafiya hakumsikiliza mwisho. Alimpita, akampita mama yake aliyekuwa akipiga mayowe, akashuka ngazi akiwa katika nguo za harusi, maua nusu yamefungwa na nusu yananing'inia, Bi Barka anamfuata akihema na kumwita arudi, "Ndoo! Mwanangu, ndoo, wenda wapi?" Badawi alikuwa kwenye kiingilio cha nyuma, ile sehemu ya giza kati ya mlango wa nje na ua. Alikuwa amekuja kufanya nini? Labda kuaga. Kilemba hakimo kichwani, kanzu imechanwa bega.

"Kwa nini?" Swafiya alimvamia. "Kwa nini uliitoa? Nilikwambia nitakuwa wako! Nilikwambia hata wakikutema!"

"Sikutaka kuitoa."

"Ni nani awezaye kumlazimisha mtu kuacha mkewe? Ungekataa tu!"

"Nilikataa," Badawi alisema. "Mara ya kwanza alinitaka nitoe, nikasema sitoi, huyu ni mke wangu. Baba yako hakunifokea. Alinisogelea, akaniuliza kwa upole. Akasema, Badawi, umetuambia leo husemi ila kweli. Niambie basi. Ungekuwa na binti, mmoja tu, ungempa mtu aliyesikia adhana ile akavuta kamba?"

Swafiya alijua jibu kabla halijatoka.

"Nikamwambia singempa. Akasema, basi wajua la kufanya."

"Ungesema uongo!" Sauti ya Swafiya ilikuwa ya mtu anayekabwa. "Neno moja tu, Badawi. Ungesema ningempa! Umewadanganya miezi yote, ukashindwa kuwadanganya mara moja kwa ajili yangu?"

"Uliniambia nisijibakishie kitu."

Alisema bila hasira. Ingekuwa afadhali angemlaumu. Bi Barka alikuwa amefika. Alisimama nyuma ya Swafiya, akamwekea mkono begani, akasema polepole, kwa huruma, maneno ambayo ilikuwa kazi yake kuyasema.

"Mwanangu, jifunike. Si mumeo tena huyu."

Na kweli. Kwa sheria, mtu yule aliyesimama hatua mbili kutoka kwake sasa alikuwa mgeni, kama mpita njia yeyote. Badawi akageuza uso ukutani kumpa nafasi. Swafiya alivuta ushungi kutoka begani, ukanasa kwenye maua, akauvuta tena, akajifunika mpaka yakabaki macho. Alipomaliza, Badawi alikuwa ameshafungua mlango. Alisema kitu akiwa mlangoni, lakini kilio cha Bi Nana huko juu kilikuwa kikubwa, na Swafiya hakupata kukijua mpaka leo.

Badawi hakukaa Lamu. Langoni wenzake walimkatalia salamu. Msikitini, akisimama kwenye safu, waliokuwa kando yake walisogea. Alikwenda Kipungani peke yake, akasuka kamba na mikeka na watu wa huko, ambao hawakumuuliza mengi. Haji Abdulghafur, aliyekuwa na kila sababu ya kumchukia, ndiye pekee aliyekwenda kumtazama. Aliporudi Swafiya alimuuliza, "Yu hali gani?"

"Anasali sana," mjomba alisema, akaanza kulia, na Swafiya hakuuliza tena.

Bwana Muhdhar hakutaka aibu ikae ndani mwake. Kabla ya mwezi kuandama mara ya pili alipata mtu, Kamaludin, mtu wa makamo aliyefiwa na mke, mwenye nyumba mbili Mkomani na sifa ya upole. Kwa kuwa Swafiya hakuwahi kuingiliwa hapakuwa na eda ya kungoja. Wageni walikaa barazani. Baba yake akapanda na mashahidi wawili, wakasimama nje ya pazia.

"Swafiya," Bwana Muhdhar alisema, "Kamaludin anakutaka kwa halali. Mimi nimeridhika. Wewe wasemaje?"

Alikuwa ameketi pale pale alipoketi siku ile. Bi Barka alimtazama. Mama yake alimtazama. Swafiya alifungua kinywa kusema kweli, akawaza kweli ilivyomfanya, na sauti haikutoka.

Baba aliuliza mara ya pili. Aliuliza mara ya tatu.

Swafiya alinyamaza. Na kwa kuwa alikuwa bikira bado, na kimya cha bikira kwa sheria ni ridhaa yake, mashahidi walitikisa kichwa, na Bwana Muhdhar akashuka ngazi kuwaambia wageni kwamba binti amekubali.